Sato wangu ana mkia wa nusu ngege: uzi kuhusu samaki wanaochanganya damu ziwani kwetu

Binti wa Igombe

Habari za majukumu wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi jioni. Nimeuandika kwa siku tatu, kila nikitoka ziwani naongeza kipande.

Nafuga sato kwenye vizimba viwili hapa Igombe, Mwanza, ndani ya Ziwa Victoria. Mwezi uliopita tulivuna kizimba cha pili. Kwa kawaida tukiwa tunapanga samaki kwenye mabeseni, macho yangu yako kwenye mzani tu. Siku hiyo alikuja mzee mmoja, mvuvi wa zamani, kununua kitoweo. Akaokota samaki, akaukunjua mkia kwa vidole viwili na kuuelekeza kwenye jua. "Huyu umemtoa wapi?" Nikamjibu, ni sato baba, wote humo ni sato. Akachukua mwingine akamlaza pembeni yake ili nione. Mkia wa sato una mistari myembamba iliyosimama wima, imepangana kuanzia shinani mpaka ukingoni. Yule wa kwanza alikuwa na mistari upande wa juu tu, na hata hiyo imekatikakatika. Upande wa chini mkia mtupu, wa kijivu. Mzee akasema, "Huyu ana ngege ndani yake," akamrudisha kwenye beseni, akachagua wengine.

Neno lile lilinikosesha usingizi. Vifaranga vya kizimba kile niliuziwa kama sato safi, madume watupu. Chakula kimoja, maji mamoja, lakini wapo waliofika gramu 500 na wapo waliogoma kwenye 200. Aliyeniuzia simtaji, na sina hakika kama hata yeye alijua alichokuwa anauza. Nilichotaka ni kuelewa. Samaki wa spishi mbili wanazaaje pamoja, na watoto wao wakazaa tena? Shuleni tulifundishwa kwamba spishi mbili hazizai, na zikizaa, mtoto hana uzazi.

Nimeuliza watu, nimesoma, nikajikuta mbali kuliko nilivyotarajia.

Tuanze na ngege mwenyewe. Kabla ya sato, samaki wa heshima katika ziwa hili alikuwa ngege, ambaye wataalamu wanamwita Oreochromis esculentus, pamoja na mbiru, yule mwenye ukingo wa rangi ya chungwa kwenye pezi la mgongoni. Hawa ndio wenyeji. Sato tunayejivunia leo ni mgeni, aliletwa miaka ya 1950, kipindi kilekile walichomleta sangara. Nyavu za makila zilikuwa zimeshaanza kumpunguza ngege tangu mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo sato alipoingia alimkuta mwenzake amechoka. Akamnyang'anya mazalio, akamnyang'anya chakula, na akazaa naye. Leo ngege yuko kwenye daraja la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Waliobaki wako zaidi kwenye maziwa madogo na malambo ya pembeni, kama Kanyaboli upande wa Kenya.

Hilo la kuzaa naye ndilo lililonishika. Chukueni chotara wa kwanza, nusu sato nusu ngege. Anapokua, karibu kila anayemzunguka ni sato. Mtoto wake anakuwa na robo ya ngege, mjukuu moja ya nane, na ukifika kizazi cha tano imebaki sehemu moja kati ya 32. Kwa macho huyo ni sato kabisa. Ila jeni, yaani vipande vya urithi anavyopokea mtoto kwa wazazi, hazipungui zote kwa kipimo kimoja kama chumvi unayoizimua kwa maji. Zinapepetwa. Kipande cha ngege kinachomdhuru mwenye nacho kinatoka mapema, kwa sababu mwenye nacho hafiki kuzaa. Kipande kinachomsaidia, tuseme kustahimili maji ya aina fulani, kinabaki kwenye ungo na kusambaa kizazi hadi kizazi. Ndivyo jeni za spishi moja zinavyovuka na kuweka makazi ndani ya spishi nyingine. Aliyezitoa anaweza kuwa ameshakwisha, na jeni zake bado zinaogelea.

Mpaka hapo nilikuwa nimekata shauri kwamba uchotara ni uharibifu tu. Walionigeuza ni furu.

Furu kila mtu wa huku amekula, hata kama hamkumbuki. Samaki mdogo, miiba mingi, bei ya chini, hatumpi heshima yake. Kumbe katika ziwa hili kulikuwa na spishi zaidi ya 500 za furu. Wapo wanaokwangua mwani kwenye mawe, wapo wanaovunja konokono kwa mataya ya kooni, wapo wanaokula vifaranga vya wenzao, wapo wanaokula magamba ya samaki wengine. Na ziwa lenyewe lilikuwa limekauka. Maji yalirudi takribani miaka 15,000 iliyopita. Kaeni na hesabu hiyo kidogo: spishi 500 kwa miaka 15,000. Jeni mpya zinazojitokeza zenyewe, moja leo na nyingine baada ya vizazi vingi, haziwezi kufanya kazi hiyo kwa muda huo.

Mwaka 2017 kundi la watafiti, wakiwemo Joana Meier na Ole Seehausen ambaye amekuwa akifanya kazi zake hapa Mwanza tangu miaka ya 1990, lilichapisha jibu lililotoka kwenye DNA. Furu wa ukanda huu ni uzao wa chotara. Kama miaka 150,000 iliyopita, katika kipindi cha mvua nyingi, samaki wa upande wa Kongo waliingia huku wakakutana na samaki wa Nile ya juu waliokuwa wametengana nao kwa muda mrefu mno. Ukiangalia ramani hutashangaa. Mto Malagarasi unamwaga Tanganyika, na Tanganyika inamwaga Kongo kupitia mto Lukuga. Kule Burundi vijito vya Malagarasi na vijito vya Kagera ni majirani. Mwaka wa mafuriko makubwa, samaki anahama ukoo.

Kila upande ulikuja na jeni zake. Mfano mzuri ni jeni ya jicho, ile inayotengeneza protini ya kunasa mwanga mwekundu. Wa Kongo walikuwa na toleo lao, wa Nile na lao. Chotara wakawa na matoleo yote mawili katika ukoo mmoja. Ziwa lilipojaa, wale waliokwenda kwenye kina, ambako mwanga unaobaki ni wa wekundu, walibaki na toleo moja, na wale wa juu kwenye mwanga wa buluu wakabaki na la pili. Ni kama fundi aliyerithi masanduku mawili ya vifaa kutoka kwa mafundi wawili tofauti. Hahitaji kusubiri mtu amfulie spana mpya, anapanga upya zilizopo, na kwa mpangilio ule anaweza kufanya kazi ambazo hakuna hata mmoja kati ya wale mafundi wawili aliyewahi kuzifanya.

Kwa hiyo nina hadithi mbili za ziwa moja. Uchotara ulizaa furu 500, na uchotara unammaliza ngege. Nimezigeuza mchana na usiku, na ninachokiona ni kwamba tofauti iko kwenye vyumba. Furu chotara walikuta ziwa jipya, tupu: mawe, mchanga, matope, kina, kila kona haina mwenyewe. Kila mchanganyiko ulipata pa kujishikiza na baadaye kuzaa na wenzake wa palepale. Ngege na sato wamekutana kwenye ghuba zilezile, wanachimba viota kwenye mchanga uleule, na mmoja ni wengi kuliko mwenzake. Hakuna chumba cha tatu cha kumpokea chotara, kwa hiyo anarudi kwa wengi.

Mnaonaje? Nahitaji sana macho ya wengine hapa.

Kijana wa Mabatini

Dada nimesoma mwanzo mwisho. Mimi nimekwama palepale ulipokwama wewe. Punda na farasi wanazaa nyumbu, na nyumbu hazai. Hawa samaki wamepitia wapi?

Mwl wa Baiolojia

Kijana, swali zuri, na sisi walimu tunachangia kuwachanganya. Farasi ana kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, 64, punda 62. Nyumbu anapata 63, na wakati wa kutengeneza mbegu za uzazi kromosomu hizo zinashindwa kupata wenzi wa kupangana nao vizuri. Ndiyo maana ni mara chache mno nyumbu jike amewahi kuzaa. Samaki wa jamii ya sato kwa kawaida wana 44 kila upande, zinapangana, uzazi unaendelea. Furu ndio kabisa, wametengana juzi tu kwa kipimo cha mageuzi.

Maelezo tunayofundisha darasani, kwamba spishi ni kundi linalozaana lenyewe na kutengwa na mengine, yalipata nguvu kupitia Ernst Mayr mwaka 1942. Yanafaa kuanzia. Lakini mwanafunzi anatoka darasani akidhani kati ya spishi na spishi kuna ukuta wa zege. Mimi siku hizi nawaambia kuna uzio wa michongoma. Ng'ombe hawapiti, kuku wanapita. Jeni nyingine zinakwama mpakani kwa miaka yote, nyingine zinapenya, na spishi zote mbili zinaendelea kuonekana mbili.

Mzee wa Nansio

Mwanangu wa Igombe, nimesomewa uzi wako na mjukuu na sasa namtajia aandike.

Nilianza kuvua 1968 na baba yangu. Ngege tulimjua kwa kichwa chake kidogo na mwili uliojaa. Ukimchemsha, mchuzi unashika midomo. Tulikuwa tunatega makila jioni, alfajiri tunachomoa ngege hadi vidole vinachanika. Sato alikuwepo, lakini alikuwa wa kuhesabu.

Nataka kukurekebisha sehemu moja. Usimpe sato kesi nzima. Mimi niliona kwa macho yangu ngege akipungua kabla sijaona hata mmoja wa mchanganyiko. Nyavu zilikuwa zinapunguzwa macho mwaka hadi mwaka, tukawa tunavua ambaye hajazaa. Halafu ikaja miaka ya themanini, sangara akafumuka. Furu walikuwa wanajaza mtumbwi, tukashtuka hawapo. Sato kumaliza kazi, sawa. Lakini kazi ilishaanzwa, na mikono yetu ilikuwemo.

Binti wa Igombe

Shikamoo baba. Nimekubali, na nashukuru umelisema wewe uliyekuwepo. Hata watafiti waliokuwa hapa Mwanza tangu 1977 kuchunguza furu, kina Frans Witte, walishuhudia hicho unachokisema. Inakadiriwa kama spishi 200 za furu zilipotea baada ya sangara kufumuka, na hao hawakuyeyuka ndani ya spishi nyingine, waliliwa na kuvuliwa wakaisha.

Na hilo linaongeza uzito kwenye kinachonisumbua. Spishi ikishakuwa na watu wachache, kila anayetafuta mwenzi anakutana na mgeni. Uchache ndio unaofungua mlango wa uchotara. Nyavu zilimpunguza ngege, halafu upungufu ule ukamsukuma kwa sato.

Mkulima wa Misungwi

Naona wengi mtalisoma neno chotara mkaogopa. Niwaletee la shambani.

Mihogo tunayokula ina damu ya mti wa mpira. Sizungumzii hadithi. Miaka ya 1930 pale Amani, milima ya Usambara, watafiti Storey na Nichols walikuwa wanahangaika na magonjwa ya mihogo, batobato na michirizi ya kahawia. Hawakupata muhogo wenye kinga ya kutosha, wakachukua ndugu wa muhogo wa porini, ule mti wa mpira wa Ceará kutoka Brazili, wakauzalisha na muhogo. Mtoto wa kwanza alikuwa mti mkubwa, mizizi yake haifai. Wakamrudisha kwa muhogo, wakachagua. Wakarudisha tena, wakachagua. Mwisho wakawa na kitu chenye mizizi ya muhogo na ukinzani wa mti wa mpira. Vizazi vya mbegu ile vilipelekwa mpaka Nigeria, na vikawa msingi wa aina nyingi zilizosambazwa Afrika baadaye. Walipokuja kusoma jenomu, yaani DNA yote, za mihogo ya kisasa walikuta vipande vya mpira bado vimo humo.

Ni palepale aliposema dada, kupepeta. Ila Amani ungo ulikuwa mikononi mwa watu, na walijua wanachokitafuta.

Nyuma ya nyumba yangu nina jirani ambaye shamba lake la zamani lilikuwa limekunjamana majani yote, njano na kijani vimechanganyika kama kitenge kilichochuja, mizizi kama kidole cha mtoto. Amebadilisha mbegu, mwaka huu ameng'oa shina moja likajaza ndoo. Mtu wa hivyo ukimwambia mchanganyiko wa spishi ni laana, hatakuelewa.

Kijana wa Mabatini

Na mahindi chotara?

Mwl wa Baiolojia

Hapana, tuyatenganishe. Mahindi chotara ni mahindi kwa mahindi, koo mbili za spishi moja. Muhogo na mpira wa Ceará ni spishi mbili. Neno letu ni moja, jambo si moja.

Mfugaji wa Magu

Mkishamaliza samaki na mihogo, njooni zizini. Ng'ombe wetu wa nundu, huyu wa kienyeji wa Usukuma, asili ya nundu yake ni Asia ya Kusini. Kabla yake Afrika ilikuwa na ng'ombe wasio na nundu. Wapo wanaowahesabu kuwa spishi mbili, wapo wanaosema moja, koo zimetengana miaka mingi sana kabla binadamu hajafuga chochote.

Jambo nililolipenda ni hili. Ipo DNA inayorithiwa kwa mama peke yake. Walipoipima kwa ng'ombe wenye nundu wa Afrika, walikuta ni ya ng'ombe wasio na nundu. Maana yake walioingia kwa wingi walikuwa madume. Mafahali wenye nundu walipandishwa kwa majike ya hapa, vizazi kwa vizazi, mpaka mifugo yote ikaota nundu huku ubini wa mama ukibaki wa Afrika. Marehemu baba alikuwa anahesabu ukoo wa kila ng'ombe kwa mama yake, jike hili ni la fulani mtoto wa fulani. Nilipoisoma habari hii nilimkumbuka sana.

Nesi wa Sengerema

Mimi naleta upande unaouma.

Kule Mali na Ghana kuna mbu wawili wa malaria walio ndugu wa karibu, Anopheles gambiae na Anopheles coluzzii. Wa kwanza alikuwa na jeni inayomfanya asidhurike na dawa tunazoweka kwenye vyandarua. Hawa wawili huzaa pamoja mara chache tu. Lakini hiyo mara chache ilitosha. Jeni ile ilivuka kwenda kwa coluzzii, na kwa kuwa kila nyumba ina chandarua chenye dawa, mbu asiyekuwa nayo anakufa na mwenye nayo anazaa. Ikasambaa haraka.

Coluzzii hakulazimika kusubiri kinga ijitokeze kwake. Aliazima kwa ndugu. Ndiyo maana mgonjwa akiniambia "nesi, chandarua ninacho lakini mbu hawafi," sikimbilii kumwambia anakitumia vibaya. Kitumieni hivyohivyo, bado kinamzuia mbu asikufikie hata kama dawa haimuui, na chandarua kinachotoboka kishoneni. Lakini mjue kinachotokea kule nje. Tunapotumia dawa moja kwa miaka, tunakuwa tumeweka ungo, na jeni inayopita kwenye ungo huo inaweza kutoka hata kwa spishi nyingine.

Kijana wa Mabatini

Mmenitisha. Basi na sisi watu je? Tumo?

Mwl wa Baiolojia

Tumo. Watu wa nje ya Afrika wana takribani asilimia 2 ya DNA ya Neanderthal, aina ya binadamu waliokwisha kama miaka 40,000 iliyopita. Svante Pääbo, aliyeongoza kusoma jenomu yao mwaka 2010, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2022. Watu wa Tibet wana toleo la jeni linalowasaidia kuishi kwenye milima yenye hewa hafifu, na limetoka kwa Wadenisova, ndugu wengine waliokwisha. Sisi wa Afrika tuna kidogo pia, kiasi kikubwa chake kikiwa kimerudi na watu waliorudi barani. Tuishie hapo, mleta uzi ana ziwa.

Fundi Vizimba, Luchelele

Kuhusu madume watupu, dada. Wengi siku hizi wanapata dume kwa kuwalisha vifaranga homoni wiki za mwanzo. Lakini ipo njia ya zamani ya uchotara. Mwaka 1960 mtafiti Hickling, akiwa Malaka, Malaysia ya leo, aliandika kwamba alipozalisha samaki wa jamii ya sato kutoka Zanzibar na mwenzake kutoka Java alipata watoto madume tupu. Wafugaji duniani waliifuata njia hiyo.

Hatari yake inakuja pale wazazi wenyewe wanapokuwa wameshachanganyika bila mtu kujua. Hupati dume tupu, unapata mseto, majike yanaanza kuzaa ndani ya kizimba, chakula kinaishia kwenye mayai. Yawezekana waliogoma kwenye gramu 200 ni majike. Wapasue kumi uangalie kabla ya kumlaumu ngege.

Binti wa Igombe

Fundi, asante. Nilikuwa nimebakiza samaki kwenye friza, nimewapasua leo asubuhi. Katika wadogo kumi, saba ni majike yenye mayai. Kwa hiyo kudumaa kumepata maelezo, na mkia bado ni swali la pili. Nakubali pia kwamba mkia peke yake hautoshi. Samaki wa namna hii wanadanganya sura, ukipima DNA unakuta uliyemwita safi ni chotara na uliyemwita chotara ni safi.

Niruhusuni niseme la mwisho kubwa, kwa sababu kuna aliyeniandikia pembeni akiuliza kama furu wa leo bado wanachanganyika. Wanachanganyika, na mahali pa kuonea ni hapa kwetu, Ghuba ya Mwanza.

Kuna furu wa mawe, wale mbipi, wa jenasi inayoitwa Pundamilia kwa ajili ya mistari yao. Mmoja dume lake ni la buluu, anakaa kina kifupi. Mwenzake dume lake lina mgongo mwekundu na ubavu wa njano, anakaa chini zaidi. Huyu mwekundu anaitwa Pundamilia nyererei, alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985. Majike ya pande zote mbili hayana rangi ya kujionyesha na yanafanana, na ndiyo yanayochagua. Jike la wekundu, ambalo jicho lake limeelekea kwenye mwanga mwekundu, linafuata dume jekundu. Jike la buluu linafuata la buluu. Hicho ndicho kinachowatenganisha. Watoto wao chotara ni wazima na wana uzazi, hakuna kinachokosekana mwilini. Mpaka wao wote uko kwenye macho.

Kwenye kisiwa cha Makobe, ambako maji ni maangavu, wapo wawili waliotengana vizuri. Ukiingia ndani ya ghuba maji yanazidi kuwa mazito, na ukifika kisiwa cha Luanso huwakuti wawili tena, unakuta mchanganyiko mmoja wa rangi za katikati. Maabara walifanya jaribio: chini ya mwanga wa kawaida majike yalichagua madume ya upande wao, na chini ya mwanga unaoficha tofauti ya nyekundu na buluu yakaacha kuchagua. Seehausen, van Alphen na Witte waliliandika hili mwaka 1997. Kuchafua maji kunaua spishi bila kuua samaki hata mmoja.

Niliwahi kuzamisha mkono pale kwenye mawe ya kwetu baada ya mvua kubwa. Maji yalifika kwenye kiwiko, vidole sikuviona. Nikiwa mtoto palepale tulikuwa tunahesabu furu kwenye mawe tukiwa tumesimama juu ya jabali. Udongo wa mashamba ya kandokando, maji ya Mto Mirongo yanayopita katikati ya jiji na kila kilichotupwa humo, na mimi mwenyewe na vyakula vya vizimba vyangu vinavyozama bila kuliwa, vyote viko kwenye maji yale. Nimeanza kulisha kwa mikono kidogokidogo mpaka waache kupanda juu, simwagi tena ndoo nzima.

Na liko la kutia moyo kidogo. Katika visiwa vya Python, ndani ya ghuba hiihii, DNA inaonyesha wekundu waliingia kwa wa buluu, wakachanganyika, halafu kutoka kwenye mchanganyiko ule wakatengana upya, wekundu na buluu. Jeni zilizochanganyika zinaweza kupangwa tena. Ila hilo lilitokea kwenye maji ambayo jike bado lilikuwa linaona, na mazalio ya pande zote mbili bado yalikuwepo. Kwa ngege na sato sioni wapi pa kutenganisha, kwa sababu ngege wa kurudisha upande wa pili hayupo ziwani.

Mzee wa Nansio

Mwanangu, mjukuu amenisomea hadi mwisho. Hayupo ziwani, sawa. Lakini kwa shemeji yangu, huku kisiwani, kuna lambo la zamani la kunyweshea ng'ombe. Mwaka juzi nilikula samaki wa pale, na mchuzi ulishika midomo.

Binti wa Igombe

Baba! Naomba asimwage kifaranga chochote cha sato humo, hata kama mtu atamletea bure. Mwambie leo, tafadhali. Mimi naweza kuja Jumamosi kwa meli ya asubuhi. Fundi wa Luchelele na Mwalimu, kama mna nafasi twendeni wote. Mwalimu, ukijua mtu wa maabara anayeweza kupima vipande vya pezi, mwambie tutahitaji spiriti na vichupa vidogo.

Mwl wa Baiolojia

Nipo. Vichupa ninavyo shuleni, spiriti nitanunua. Tunakata kipande kidogo cha pezi, ukubwa wa ukucha wa mtoto, samaki anarudi majini mzima.

Mzee wa Nansio

Nimeshampigia, amenielewa. Njooni na beseni jeupe. Mkia unaonekana vizuri juu ya cheupe.